Springi za Pikapu na Goti la Mama Mkwe

Kwetu mtu akinunua pikapu, kabla hata hajaiosha anaipeleka kwa fundi iongezwe springi. Hakuna anayeuliza sababu. Pikapu itabeba mawe, itabeba mahindi, itabeba jeneza na waombolezaji wake wote, kwa hivyo inaongezewa vyuma viwili vitatu kwenye ekseli ya nyuma isije ikalala chini. Mimi nilivuka na desturi hiyo hadi Houston, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipopata pikapu yangu ya kwanza, nilifanya vivyo hivyo bila kusita.

Fundi alikuwa Mkongomani, mtu wa Kivu, aliyetengeneza magari uani kwake kwenye mtaa wa Alief. Aliniuliza swali moja tu.

"Siku zote unabebaka nini?"

Nikamwambia mapipa. Mara moja kwa mwezi nilikuwa nikikusanya mapipa na mafriji ya watu waliotuma vitu nyumbani kwa kontena, na siku hiyo nyuma ya gari ililemewa hadi pua ikatazama mbinguni. Nilimsimulia kwa madaha.

"Iyo ni ya siku moja, kaka. Nimeuliza siku zote."

"Wewe weka tu," nikamjibu. Sipendi kufundishwa na mtu niliyekuja kumlipa. Akakuna kichwa, akaongeza vyuma viwili kila upande. Tangu hapo pikapu ikiwa tupu ilisimama mkia juu kama jogoo, nami niliipenda hivyo hivyo.

Mwaka huo huo mama mkwe, ambaye tulikuwa tukiishi naye Missouri City, pembeni mwa Houston, alifanyiwa operesheni akawekewa goti jipya. Daktari alituambia wazi kwamba goti hilo lisipofanyishwa mazoezi miezi ya kwanza litakakamaa, na likikakamaa basi tena. Ilibidi apelekwe kliniki mara tatu kwa wiki. Mke wangu ni nesi, na alfajiri alikuwa ameshaondoka na gari dogo. Mimi nilikuwa naingia kazini, kwenye ghala, saa tisa alasiri. Kazi ya kumpeleka mama ikawa yangu.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, na akiwa na neno la kuniambia hulipitisha kwa mtu mwingine hata kama nimesimama hapo hapo. Kiti cha mbele hakikujadiliwa. Alipanda nyuma, kwenye kile kiti chembamba cha ndani kilicho karibu na ekseli, akaketi upande na mguu ameunyoosha. Mimi nikaendesha macho mbele. Hata kioo cha ndani nilikigeuza kidogo, isije ikaonekana ninamkodolea mama wa watu macho. Kila mara tukifika nilimsikia akishusha pumzi, nikadhani ni uzee.

Wiki ya tatu mke wangu alinipigia simu asubuhi kutoka kazini.

"Mama amenipigia, amekataa kwenda leo. Anasema ata-rest kwanza."

Kule kupumzika kukawa wiki, kukawa mwezi. Mke wangu alibembeleza, akalia, akadhani mama amekumbuka nyumbani. Mimi niliudhika. Nilijiona mtu anayejitolea na haonekani, nikasema jikoni, kwa sauti ya kusikika hadi chumbani, kwamba wazee wengine wanapenda kuuguzwa kuliko kupona. Maneno hayo ningeweza kuyameza leo, ningeyameza.

Kisha breki zikaanza kulia. Fundi alipozimaliza alitaka kuzijaribu barabarani, akashika usukani mwenyewe. Kiti cha mbele kilikuwa na betri na sanduku la spana, kwa hivyo nikapanda nyuma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa pale.

Wala hakuendesha kwa fujo. Lakini kwenye kila kiungo cha zege barabarani gari liliruka na kutua juu ya uti wangu wa mgongo, na tulipovuka reli nilirushwa hadi kichwa kikagonga paa. Nikapapasa nipate pa kushika. Mkono ukakuta kitambaa. Ilikuwa leso ya mama mkwe, imesokotwa ikawa kamba, imefungwa kwenye chuma cha kiti kwa fundo gumu. Alijitengenezea kishikio. Goti limetoka kushonwa, yeye amening'inia kwenye leso, na mimi mbele nimefungua redio.

Nilimwambia fundi asimame. Akageuka akaniona nimeshika ile leso, akaelewa nusu.

"Springi ya mapipa inangojaka mapipa," alisema. "Kama mapipa haiko, haipinde. Mtu njo anapinda, hapana chuma."

Vyuma vilitolewa siku hiyo hiyo. Siku ya kontena ningekwenda safari tatu badala ya moja, hakuna aliyekufa kwa hilo. Kama ningemjibu fundi ukweli tangu mwanzo, ningemwambia kwamba mzigo wangu wa siku nyingi ni mwanamke mmoja mzee na mkoba wake.

Mama alirudi kliniki. Safari hizo zilikuwa laini, na alifanya mazoezi kwa bidii hadi jasho likamtoka. Goti lilikunjika, likakunjika, likafika mahali likagoma. Mtaalamu alisema ule mwezi uliopotea ndio uliokuwa muhimu. Kanisani watu wakipiga magoti yeye alibaki ameketi, mguu umetokeza kwenye njia ya katikati, na mimi safu ya nyuma sikuweza kusali. Nilikuwa nautazama mguu.

Jumapili moja tukiwa tunatoka nilishindwa kuvumilia. Nikavunja adabu, nikasimama mbele yake na kusema naye uso kwa uso.

"Mama, ni mimi. Gari yangu ndiyo iliyokuharibia goti."

Aligeuza uso pembeni, kama inavyompasa. Akarekebisha kitambaa cha kichwa taratibu. Halafu akamwambia binti yake:

"Mwambie na mimi nilikuwa na mdomo."

Mke wangu alinitazama. Hakuwa na haja ya kunifikishia, nilikuwa nimesimama pale pale.