Buyu Shavuni

Jamani, nacheka sasa kwa kuwa yameshapita, lakini siku ile pale kliniki ya meno Msambweni lau ningeona shimo ningejifukia mwenyewe.

Kazi yangu ni kuwafundisha wagonjwa kupiga mswaki kabla hawajaingia kwa daktari. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeambiwa kwamba mamake Hamisi, mchumba wangu, anatoka Kibuyuni kuja kuonyesha jino (jino kisingizio, sote twajua, alikuja kumtazama mkwe kabla posa haijaletwa), basi kwa wasiwasi nikatia buyu kinywani, yale mekundu ya sukari, moja tu la kutuliza roho, na kabla sijalimumunya likaisha nikaitwa.

Nilitemee wapi mbele za watu, na mamake Hamisi ameshaketi miongoni mwao? Nikalisukuma shavuni, nikashika mswaki na yale meno ya plastiki, nikaanza: "Peremende na mabuyu ni adui wa meno."

"Mwalimu," akasema bibi mmoja wa mbele, "mbona shavu limevimba?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Nikasema, "Jino, bibi, lanisumbua."

Ulimi wangu huu! Pole zikamiminika, mamake Hamisi akainuka akaita, "Daktari! Mtoto wa watu aumwa na bado atufundisha, naatangulie yeye!" Nikakataa, wakadhani naogopa sindano, wakanishika mikono huku wakinisomea dua mpaka kwenye kiti, mlango wazi, vichwa vyote ndani.

"Fungua," akasema daktari. Nikafungua kidogo tu, mate mekundu yakatiririka hadi kwenye koti langu jeupe, kina mama wakapiga ukelele, "Damu! Atatufia huyu!" Daktari akaingiza kibanio, akatoa buyu, akaliinua kwenye taa wote waone.

Nikalia, wallahi, nikajua posa yangu imekwisha.

Mamake Hamisi akalitazama buyu, akanitazama mimi, kisha akafungua mkoba wake. Pakiti nzima ya mabuyu! "Wadhani hili jino langu limeozeshwa na nini, mwanangu?"

Kumbe lilikuwa bovu kweli, likang'olewa siku ile ile. Posa ililetwa, nami nimeapa sisimami tena mbele ya mgonjwa na kitu kinywani. Ile pakiti aliniachia mimi niitupe (bado sijaitupa).