Apolonia na riwaya ya wachambua mchele wa Ilomba

Saa moja asubuhi, Ilomba, jijini Mbeya. Mashine ya kukoboa mpunga bado imezimwa, na baridi ya Juni inauma hadi kwenye mifupa. Wanawake wanne wameketi juu ya viroba, nyungo mapajani, vidole vikisaka changarawe kwenye mchele. Wa tano amesimama mlangoni penye mwanga. Mkononi hana ungo, ana kitabu.

Huyo ni Apolonia, mwenye miaka 47, mzaliwa wa Kalenga mkoani Iringa. Wenzake humwita Mama Vitus. Leo amebakiza sura moja tu, na hana nia ya kuikimbiza.

Kazi yake ni kuchambua mchele, ujira shilingi elfu tatu kwa gunia. Anapowasomea wenzake kwa sauti, ungo wake haulali: kila mmoja wa wenzake humchambulia bakuli moja. Hawakuandikishana popote, walikubaliana tu.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya kihistoria isiyo na jalada, aliyoikuta kwenye meza ya vitabu chakavu katika soko la Mwanjelwa miaka sita iliyopita. Inamhusu mwanamke mfinyanzi anayeficha mbegu za ulezi ndani ya vyungu vyake, wakati ngome ya Kalenga ikipigwa mizinga na Wajerumani.

"Mara ya kwanza nilikisoma mbiombio, nijue nani anakufa na nani anapona," anasema. "Mara ya pili nikaenda taratibu, kama mtu anayekula muwa. Nikakuta mto niliochota maji, nikakuta kilima nilichochungia mbuzi. Nilikuwa sijui kama kwetu kunaweza kuandikwa hivyo. Nililia, sikufichi."

Hii ni mara yake ya tano kukisoma, na nusura safari hii ikatike njiani.

Mwezi uliopita walifika pale ngome inapobomolewa. Esnath, ambaye hajui kusoma lakini husikiliza kwa mwili mzima, alizidiwa na machozi. Akamwaga ungo wenye mawe kwenye gunia lililokuwa tayari.

"Mimi nilikuwa Kalenga, sikuwa hapa," anasema Esnath, na aibu haijamtoka. "Nashika ungo, naona vyungu vya yule mama."

Gunia hilo lilikuwa la Masunga, mfanyabiashara mwenye mvi aletaye mpunga kutoka Usangu. Lilikwenda mpaka shule moja ya bweni huko Iringa, mawe yakaonekana, likarudishwa pamoja na mengine tisa. Masunga akaja juu. Sosthenes, msimamizi wa mashine, hakutaka maelezo marefu.

"Niliwaambia hapa ni mashineni, si darasani," anasema. "Kitabu kikae nyumbani."

Wenzake walimbembeleza Apolonia awasimulie mwisho, yaishe. Akakataa katakata.

"Yule mama ametembea kurasa mia tatu na mbegu zake," anasema. "Leo nikuambie kwa maneno mawili kama alifika? Huko ni kumdhulumu."

Hakwenda kulalamika. Alichambua upya magunia yote kumi, siku nne bila ujira, Esnath akimsaidia. Ndipo akamfuata Sosthenes na ombi lake: wasome kabla mashine haijawashwa, na mtu yeyote asimimine mchele kwenye gunia mpaka kitabu kifungwe. Masunga mwenyewe aje akague wiki nzima. Likionekana jiwe moja, kitabu kinaondoka na hakirudi.

"Nilimkubalia nikijua atashindwa," anakiri Sosthenes.

Masunga alikuja. Jumatatu alisimama amenuna, akichota mchele konzi kwa konzi. Jumatano aliomba kiroba cha kukalia. Leo ni Jumamosi, na jiwe halijaonekana.

Apolonia anasoma. Mfinyanzi anavuka mto, anapasua chungu cha mwisho, anapiga magoti kwenye udongo mgeni na kupanda. Nyungo zimetulia. Esnath analia bila kujificha, na safari hii mikono yake iko mitupu. Masunga ameingiza mkono kwenye gunia na bado hajautoa.

Kitabu kinafungwa.

"Mama Vitus," anasema Masunga hatimaye, "hizo mbegu alizipata wapi?"

"Sura ya kwanza, mzee. Wewe ulikuwa hujaja."

"Basi rudi nyuma. Jumatatu naleta mzigo mwingine."

Sosthenes anatazama saa yake, kisha anaelekea kuwasha mashine. "Jumatatu muanze saa moja kamili," anasema bila kugeuka. "Si saa moja na nusu."

Apolonia anacheka, anakifunga kitabu kwenye khanga na kuchukua ungo wake. Amedhamiria kuwapeleka wote wanne Kalenga mwezi Septemba kazi ikipungua, awasomee sura ya ngome palepale ilipokuwa. Nauli wameshaanza kuiweka kidogo kidogo.

Esnath ameomba jambo moja tu: siku hiyo asipewe kitu chochote cha kushika.