Pete ya Mama Yangu Imo Kwenye Mkebe Wangu wa Hesabu

Jumanne, Walukuba, Jinja. Admini, tafadhali ficha jina langu na la shule yangu. Mimi nami naahidi sitawaficha wasomaji wako chochote, hata pale panaponiumiza kuandika.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha nne. Naishi na baba yangu na mke wake, ambaye namwita Mama Mdogo. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka tisa. Jumamosi hii tunakwenda Mbale kwenye ibada ya kumbukumbu ya babu yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Jaja. Mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma habari za maisha yake kanisani, kwa Kiswahili, maana watakuja askari wa magereza na wafanyabiashara wa kutoka Kenya waliokuwa marafiki zake.

Jaja alikuwa sonara. Kibanda chake kilikuwa Mbale, upande wa viwandani. Familia nyingi zilimletea pete za harusi, lakini watu walimpenda zaidi kwa ajili ya msumeno wake mdogo, mwembamba kama uzi. Mjamzito akivimba vidole, au dereva akipata ajali mkono ukafura, hospitali ilimwita Jaja aikate pete bila kuumiza ngozi. Aliacha hata chakula mezani akaenda, na hakudai kitu. Baadaye aliiunga ile pete akairudisha. Nje aliisugua mpaka huwezi kuona palipokatwa, lakini ndani aliacha kistari chembamba. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Nje ni ya watu, mama. Ndani ni ya mwenyewe. Lazima ajue pete yake ilikatwa wapi." Aliniita "mama" tangu nilipokuwa mdogo.

Siku ya mazishi yake, Afande mmoja alisimama akainua kidole chake juu. "Mzee alinikata pete hapa huku ananitukana! 'Afande, umekula posho ya wafungwa mpaka kidole kimenona!'" Watu walicheka huku wanalia. Na kila aliyezungumza alimaliza kwa maneno yaleyale: alirudisha kila pete kwa mwenyewe.

Mama yangu pia alikatwa pete na Jaja. Figo zilimvimbisha mwili wote. Nilikuwepo pale hospitali, nimeshika mkono wake mwingine. Pete yake ilikuwa laini nje, lakini ndani Jaja alikuwa amemchorea jani dogo la kahawa, kwa kuwa kwao ni mlimani kwenye kahawa. Alipokuwa ananisuka aliivua akanishikisha, nami nikilipapasa jani hilo kwa ncha ya kidole. Pete ilipokatika, mama alisema, "Baba, utanirudishia?" Jaja akasema, "Nitakurudishia, mwanangu."

Mama hakutoka hospitali. Kwenye mazishi Jaja alinikalisha mapajani akaniambia, "Nimemvika mwenyewe kabla jeneza halijafungwa. Mama yako amelala na pete yake." Miaka yote hii nimelishikilia neno hilo. Wenzangu wakisherehekea na mama zao shuleni, mimi najisemea kwamba wangu hakwenda mikono mitupu.

Sasa Mama Mdogo ni mjamzito, na vidole vyake vimeanza kufura. Wiki iliyopita tulikuwa tunafua, akaitoa pete yake kwa sabuni, kwa shida kweli. "Jaja angekuwepo angeniuliza nimekula nini!" alicheka. Akaniwekea pete kiganjani. "Nitunzie mpaka nijifungue. Wewe ndiye mtoto wangu mkubwa."

Kidole changu kiliijua kabla ya macho. Ndani kulikuwa na jani la kahawa, na kile kistari kilipita katikati yake.

"Jaja alilichora kwa ajili yangu," Mama Mdogo alisema kwa furaha. "Baba yako aliniambia."

Nilimsubiri baba nje mpaka aliporudi kutoka kazini. "Baba, pete ya mama yangu ilifikaje kwa Mama Mdogo?"

Alizima pikipiki, akakaa palepale juu yake. "Jaja alinipa. Nilikuwa nataka kuoa na sina kitu. Alisema wafu hawavai pete."

"Mimi aliniambia amemvika."

"Ulikuwa mtoto, ulikuwa unalia. Ulitaka akuambie nini?"

"Na Mama Mdogo?"

"Yule anajua alitengenezewa yake. Mwache ajue hivyo. Na Jumamosi usome vizuri, usituvue nguo mbele za watu."

Wasomaji wangu, baba aliniumiza, lakini Jaja aliniumiza zaidi. Baba hajawahi kuniahidi kitu. Jaja alimwahidi mama yangu akiwa hai, kisha akanidanganya mimi nikiwa mapajani pake, na akakubali kusifiwa kwa jambo ambalo nyumbani kwake hakulifanya. Namkasirikia mpaka nashindwa kula. Halafu nakikumbuka kile kistari. Mikono yake ingeweza kukifuta, na jani pia. Hakufuta. Je, alitaka siku moja nijue? Au nataka tu kumpenda tena?

Mama Mdogo hana kosa. Alinifundisha kusuka, huvaa kanga ya mama yangu anapokuja kwenye vikao vya wazazi shuleni. Nikimwambia, nitamvunja moyo akiwa na mimba. Nikinyamaza, akijifungua nitamrudishia pete ya mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi nitakuwa nimeshiriki uongo wao.

Kaburi la mama liko hukohuko Mbale, hatua chache tu kutoka kaburi la Jaja. Pete ninayo, kwenye mkebe wa hesabu, imefungwa kwa kitambaa. Hotuba nimeiandika yote, isipokuwa sentensi ya mwisho ambayo kila mtu anaisubiri.

Naomba mnijibu kabla ya Jumamosi: nikisimama pale mbele, niseme alirudisha kila pete kwa mwenyewe?