Walisema wepesi wapande: paa la shule lilivyomchukua dada yangu

Wakuu, heshima kwenu. Sina maneno ya kuzunguka, naanza pale panapouma.

Boriti ilikatika. Mimi na dada yangu Nakijwa tulikuwa juu ya paa la shule. Yeye akawa anaserereka na bati, nikanyoosha mkono nimdake. Akaniambia, "Usinishike mimi. Shika ukuta."

Nikashika ukuta.

Yeye akaenda na bati.

Sasa nirudi nyuma mnielewe. Haya niliyaona kwa macho yangu, na aliyekuwepo anikosoe hapa hapa. Elimu yangu iliishia darasa la tatu, mwandiko mnivumilie.

Ni enzi za ujamaa, kijiji kimoja juu milimani, upande wa Mamba huku Same. Shule ilikuwa ya zamani, bati zimeliwa na kutu, na yale matundu ya hewa chini ya paa popo walishayageuza nyumba yao. Darasani tunasoma tunakohoa. Harufu usiseme.

Kijiji kikakaa kikao. Ikapangwa bati zote ziezuliwe, nyavu za zamani kwenye matundu zitolewe, ziwekwe mpya. Miti ya kufungia jukwaa la kusimamia wakati wa kuezua ikakatwa, ikarundikwa uwanjani. Mpango mzuri tu wakuu, siudharau.

Kisha ikasikika kuna mgeni anakuja kutoka wilayani. Mwenyekiti wetu, Mzee Eliapenda, akachukua miti yote akajengea kibanda cha kumpokelea mgeni. Habari ya jukwaa ikaishia hapo. Ila kazi haikuahirishwa.

Msaragambo, kwa wasioujua, ni kazi ya pamoja ya sisi Wapare. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, mama yuko kitandani anaumwa. Na nyumba isiyotoa mtu ilikuwa inaitwa ya wanyonyaji. Nakijwa, wa darasa la saba, akasema ataenda yeye. Nikamfuata.

Tumefika, watu wazima wanalitazama paa, hakuna anayesogea. Boriti zililiwa na mchwa na kila mtu alijua. Mwalimu mkuu, Gerisoni, ndiye aliyesema: "Wazito wabaki chini. Wepesi wapande."

Mwenyekiti akamtazama dada. "Huyu hata upepo ukimbeba atatua Kwakoa kule tambarare. Hana uzito wa kuvunja kitu."

Watu wakacheka. Dada naye akacheka, maana mkubwa akikutania utafanyaje.

Akapanda ngazi. Mimi nikatumwa nimpelekee nyundo.

Yaliyofuata nimeshasema. Mimi walinikuta nimening'inia ukutani, wakanibandua vidole. Yeye wakamteremsha kwa machela kwenda hospitali Same. Hakufika.

Wakuu, kilichonimaliza si hicho. Mgeni alikuja, akaelezwa kwamba watoto walipanda wenyewe kucheza. Alielezwa akiwa amekaa kivulini, kwenye kibanda cha miti yetu.

Baba alikuja kuzika, akarudi kwenye mkonge, mlima hakuupanda tena. Mimi shule sikurudi. Mama amekufa hajasikia mtu akisema ukweli.

Nyumba sasa ninayo peke yangu. Ukungu ukishuka nafunga mlango nasikiliza redio, hata kama inakoroma tu. Nikimtaja Nakijwa kijijini, vijana wananiuliza ndiye nani.

Funzo langu ni hili: mkiona kazi imepangwa na jukwaa halipo, jueni kuna mtoto wa mtu amepangwa kuwa jukwaa.

Gerisoni ameshakufa. Eliapenda yu hai, yuko Same mjini kwa mwanawe. Wajukuu zake mnasoma humu, nawajua. Mpelekeeni simu mzee asome. Sitaki pole yake. Mliokuwepo nanyi andikeni hapa chini mlichokiona, msiniachie peke yangu.

Nakijwa hakupanda kucheza. Alipandishwa.

Na nani, mzee? Jibu.