Gambuti la Kushoto

Hosiana alikubali mguu ukatwe, lakini siku alikataa kupangiwa. Daktari alisema Jumatatu, yeye akasema Ijumaa, na kwa kuwa mguu ulikuwa wake, ikawa Ijumaa. Uvimbe ulianza kama punje ya njegere juu ya kifundo cha kushoto. Alipoacha kuuficha ndani ya soksi, ulikuwa umeshaingia kwenye mfupa.

"Sasa hizo siku za katikati unazitakia nini?" mumewe Enoki alimuuliza walipofika nyumbani Lyamkena.

"Nataka kushuka korongoni Matamba, nikakanyage maji. Baada ya Ijumaa nitakanyagia nini?"

Enoki akaweka kisu chini, kiazi nusu kimemenywa. Matamba ndiko Hosiana alikozaliwa, milimani Makete, na nyuma ya kwao kuna korongo lenye mto chini kabisa, ambako wasichana walikuwa wakienda kufua. Enoki alipokwenda kuposa, aliambiwa mchumba yuko huko, amfuate. Alifika ukingoni, akatazama chini, akakaa. Mtu wa Makambako huyo, kakulia kwenye ardhi tambarare. Tangu siku hiyo wakwe zake walimwita Mzee wa Ukingoni, naye hajaota hata ndevu. Watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa, jina likabaki.

Binti yao Lidia alipiga simu kutoka Njombe. "Mama, anayesubiri upasuaji hukaa kitandani."

"Kitanda nitakikuta. Hakina miguu ya kunikimbia."

Wakaondoka. Kutoka Chimala gari lilipanda mlima kwa kona zake zisizoisha, na Enoki alifumba macho mpaka juu. Hosiana alimwona, akatazama dirishani. Kwa kawaida angemtania.

Dada yake, Yunisi, alikuwa akiwasubiri mlangoni. "Kamwene, Mzee wa Ukingoni. Safari hii umeleta na mgonjwa, upate sababu nzuri ya kukaa?"

"Kamwene, shemeji," Enoki alijibu, akaingiza mzigo ndani.

Asubuhi ukungu ulipoinuka walikwenda. Siku hizi vijana wa mijini hufika pale na kofia ngumu na kamba za rangi, wanapigana picha. Wazee hawa walikuwa na fimbo, gambuti, na kamba ya kufungia ng'ombe. Enoki alimfunga mkewe kiunoni, akaizungusha kamba kwenye shina la mti ukingoni, akaanza kuiachia kidogo kidogo. Macho yake yalitazama kamba tu.

Hosiana alishuka kinyumenyume, uso kwenye mwamba, kama zamani. Mizizi ilikuwa palepale, mikono ikaikumbuka. Mguu ndio uliokataa. Alifika kwenye bapa la jiwe, nusu ya njia, akaukanyagia, na maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Akakaa. Alisikia mto chini. Alijaribu kusimama mara ya pili, akakaa tena, na hapo akajua kwamba hafiki.

"Mama Lidia! Mbona kamba imelegea?"

"Nimekaa."

"Nikuvute?"

Hakujibu. Angejibu angelia, na huyu mzee hajazoea kumsikia akilia.

Kamba ikakazika kama iliyofungwa mtini, kisha kokoto zikaanza kudondoka. Alipoinua kichwa aliona soli za viatu vya Enoki, kisha makalio yake, yanateremka mwamba kwa kujiburuta, na mwenyewe anasali kwa Kibena. Alifika kwenye bapa amelowa jasho kwenye baridi ile.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuchukua."

"Sijafika, Baba Lidia. Nimekuja mpaka hapa na sijafika."

Enoki alimtazama. Kisha akapiga magoti, akalivuta gambuti la kushoto taratibu, mkono mmoja ameshikilia kisigino asimuumize. Akafungua mkanda wa suruali, akaupitisha kwenye tundu la juu la gambuti, akalivaa shingoni.

"Niambie njia," alisema.

"Acha utani."

"Niambie njia, mwanamke, kabla akili haijanirudia."

Akamwambia. Mguu wa kulia kwanza, hapo kuna ngazi ya jiwe. Shika mzizi mnene, mwembamba ni mwongo. Geuka. Usitazame chini, tazama mkono wako. Alimwelekeza mpaka kona ya mwamba ikamficha, halafu akaendelea kumwelekeza bila kumwona, kwa sababu njia ile aliijua hata amefumba macho. Kila alichosema, sauti ilijibu, "Ndiyo." Kisha haikujibu.

"Enoki?"

Mto tu. Tangu Lidia azaliwe hakuwahi kumwita jina lake. Akaliita tena. Akawaza kwamba yeye alikuja kuuaga mguu, kumbe huenda ndiye aliyemuua mume.

"Nipo!" Sauti ilitoka mbali, chini kabisa. "Maji yamenifika magotini. Ni baridi kama mauti."

Hosiana akajifunika uso kwa kitenge, akalia, sasa kwa vile hakuna wa kumwona.

Enoki alirudi akitambaa, mkono mmoja mwambani, mwingine umeshika suruali isimvuke. Maji mengi yalikuwa yamemmwagikia kifuani, lakini yaliyobaki kwenye gambuti yalitosha. Alimmiminia mguuni polepole, juu ya uvimbe, kwenye kidole kimoja kimoja, mpaka tone la mwisho.

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe. Baridi ile ile."

Yunisi na jirani yake, waliokuja kuwatafuta walipochelewa, waliwavuta kutoka juu. Gambuti Hosiana alilisimamisha kwenye bapa na kuliacha hapo; mguu Enoki aliuviringishia mafla yake. Juu, Yunisi aliitazama suruali ya shemeji yake, imelowa maji mpaka magotini. Akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuwasha moto.

Ijumaa, mlangoni pa chumba cha upasuaji, muuguzi alimwambia avue viatu. Hosiana akavua kimoja alichovaa, cha kulia, akampa mumewe akishike.