Helmeti ya Kwenda Kamsamba

Kibanda cha Uledi kiko Mpemba, kushoto mwa barabara ukitoka Tunduma mjini kwenda Vwawa, na kimetenganishwa na changu kwa bati moja. Anauza vifaa vya kujikinga vya waendesha pikipiki: helmeti, makoti, glovu, buti za mtumba, gadi za magoti. Mkewe, Fauzia, hukaa nyuma na cherehani. Hununua maturubai yaliyochakaa kwa madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, akayakata vipande na kuvishona kwenye viwiko na mabega ya makoti, sponji ikiwa ndani.

Uledi ni mtu wa Tabora, umri wake miaka hamsini na miwili. Sijawahi kumsikia akimuuliza mteja anataka rangi gani. Swali lake la kwanza ni, "Pikipiki gani?" La pili ni, "Njia gani?" Wa bodaboda anayezunguka mjini humpa helmeti yenye kioo na koti la kuzuia upepo. Wa guta la mizigo, lile la magurudumu matatu, humwambia aanze na buti, kwa sababu guta likipinduka mguu ndio unaobaki chini yake. Mwalimu mwenye skuta humtafutia koti refu la kufunika magoti. Mwenye pikipiki ndefu, zile za maofisa zinazopanda milima ya Ileje au kushuka bondeni, haondoki pale na helmeti isiyofunika kidevu.

Kisha huchukua futi ya mkewe, akaizungusha juu ya nyusi za mteja, akachagua, akamvisha na kuitikisa helmeti kwa mikono miwili. Ngozi ya uso ikienda nayo, ni yako. Helmeti ikizunguka peke yake na uso ukabaki, anaivua na kuanza upya.

Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa utingo wa lori. Asubuhi moja waliona helmeti ikibingirika barabarani kuwaelekea, mkanda wake umefungwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Mwenyewe walimkuta mita thelathini mbele. Uledi husimulia habari hiyo kwa maneno yaleyale kila mara, na kila mara huishia hapo.

Ndiyo maana kila mwanamume anayefika kibandani huambiwa kwanza, "Vua mzula." Julai huku baridi ni kali, na asubuhi hakuna mwendesha pikipiki asiye na mzula wa sufu kichwani. Kichwa chenye mzula ni kikubwa kuliko kichwa chenyewe.

Ijumaa moja ya Julai, saa tatu kasoro robo, Uledi alikuwa akigombana na Aliko, kijana wa bodaboda aliyevaa koti lake nyuma mbele ili upepo usimpige kifuani. Fauzia alikuwa ameacha cherehani na kuja mlangoni.

"Mimi nimeshona turubai kwenye kiwiko," alisema Fauzia. "Wewe umeligeuza, turubai liko ndani ya mkunjo. Ukianguka utajikinga nini, kikwapa?"

"Mama, kifua ndicho kinachokufa kwa baridi. Kiwiko hakikohoi."

"Kitakohoa siku hiyo," alisema Uledi, na wenzake Aliko wakacheka.

Fauzia alirudi ndani. Hapo ndipo alipofika Ruti Haonga, ofisa kilimo, binti wa miaka ishirini na nane hivi, juu ya pikipiki ndefu nyeupe. Alisalimia, "Shikamoo, mzee," akaeleza kwamba amehamishiwa Kamsamba, kule bondeni. Angepitia Hasamba kumuaga mama yake, kisha Mlowo, kisha ashuke bondeni siku hiyohiyo. Kichwani alikuwa na mzula mzito wa kahawia uliofunika masikio na nywele zote.

Uledi alimpimia gadi za magoti, akamchagulia glovu. Alipofika kichwani alishika futi, akasita. Vijana wanne wa bodaboda walikuwa wamekaa wanatazama. Hakutaka kumwambia mtoto wa watu afunue kichwa mbele yao. Akapima juu ya mzula. Akamvisha, akaitikisa, uso ukaenda nayo. Ruti akashukuru, akaondoka.

Fauzia alitoka na chai baada ya robo saa.

"Yule binti wa Kamsamba umempa ipi?"

"Ile kubwa nyeusi, ya kidevu."

"Kubwa? Mbona nilimwona kwa dirisha, ana kichwa kidogo. Baba Ikram, ulimvua mzula?"

Uledi aliichukua futi, akaanza kuikunja.

"Ulimpima na mzula?"

"Ningemfunua kichwa barabarani? Mbele ya hawa?"

"Ungeniita mimi! Kamsamba ni joto. Akianza kushuka tu atauvua, na pale ndipo penye mawe."

Nilimwona Uledi akiweka kikombe chini bila kunywa. Aliuliza kama kuna mwenye namba ya simu ya yule dada. Hakuna aliyekuwa nayo. Alishika helmeti ya kati, akaiacha, akaishika tena. Namba aliyoipata kwenye futi haikuwa ya kichwa, ilibidi akisie. Mwishowe akaipakata, akamwita Jofrey, dereva wa bodaboda mwenye umri mkubwa kidogo kuliko wengine, asiyependa mbio.

"Hasamba. Na leo kimbia."

"Mzee, wewe siku zote unanikataza kukimbia."

"Jofrey, twende!"

Mambo ya njiani Uledi alinisimulia baadaye. Helmeti ya abiria ya Jofrey haikuwa na mkanda, kwa hiyo aliikandamiza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakumbatia ile ya Ruti. Malori yalikuwa mengi. Kila walipolipita moja alichungulia mbele, akiogopa kuona kitu cheusi kinabingirika. Kabla ya Vwawa aliona kweli kitu cheusi katikati ya lami, akampiga Jofrey begani. Kilikuwa kipande cha tairi.

Hasamba walimkuta mama yake Ruti anaanika mahindi.

"Ametoka muda si mrefu, baba. Kuna tatizo?"

"Hapana, mama. Kuna kitu kaacha." Kisha akaona haya kwa uongo huo, akauliza, "Aliondoka na mzula?"

"Alikuwa nao. Anasema unamwasha."

Walifika Mlowo saa tano na nusu. Jua lilikuwa limeshatoka kweli, na watu walikuwa wanavua makoti. Kwenye njia panda hakukuwa na pikipiki nyeupe. Muuza petroli wa chupa alisema imepita sasa hivi, dada ameiwekea mafuta, ameelekea bondeni. Jofrey hakungoja kuambiwa. Baada ya kilomita sita hivi za vumbi waliiona imesimama kando ya barabara, na Ruti amesimama kando yake anakunywa maji. Kichwa chake kilikuwa wazi. Mzula ulikuwa umefungwa kwenye mzigo.

Uledi alishuka. "Mwanangu, vaa helmeti yako."

"Mzee? Umenifuata mpaka huku?"

"Ivae kwanza. Funga mkanda."

Akaivaa, akafunga. Uledi akaishika na kuigeuza kwa vidole viwili tu. Ilizunguka mpaka kidevu cha helmeti kikafika begani, na Ruti akabaki gizani ndani yake.

"Ee!" ilisema sauti ya mle ndani.

"Nilikosea mimi," alisema Uledi. "Nilikupima na mzula. Niliona haya kukwambia uuvue."

Ruti aliivua, akamtazama. "Ningeuvua tu, mzee. Kwani kichwa changu kina nini?"

"Mwambie huyo," alisema Jofrey. "Mimi ananivua hata mbele ya wakwe zangu."

Ile ya kati iliingia kwa shida. Uledi aliitikisa mara tatu, uso ukaenda nayo mara zote tatu. Ruti alilalamika kwamba mashavu yanabanwa na kwamba siku ya kurudi mlimani masikio yataganda. Uledi alimwambia sponji italegea baada ya wiki mbili, na masikio yavumilie. Akamwandikia namba yake ya simu nyuma ya kadi kuukuu ya kliniki ya mwanawe Ikram, akamwomba apige akifika.

Hakupiga. Jumamosi Uledi alisema ni mtandao. Jumapili simu haikutoka mkononi mwake. Kila mwanamke aliyefika kupima alipelekwa nyuma kwa Fauzia, ambaye alikuwa ameshatundika kipande cha turubai kuwa pazia. Jumatatu saa nane mchana simu ililia, ujumbe kutoka namba ngeni. Uledi hakuusoma. Alimpa Fauzia.

"'Nilifika Ijumaa jioni salama, mtandao ni shida,'" Fauzia alisoma. "'Huku joto, mzula sijauvaa tena. Mashavu bado yananiuma.'"

"Soma tena," alisema Uledi.