Fundi wa Mikanda na Tundu la Saba

Saa tatu kasoro asubuhi, ukumbi wa mazoezi bado unanuka jasho la jana. Nyuma ya kioo kikubwa, kwenye kachumba kalikokuwa stoo ya ndoo na mifagio, mwanamume wa miaka arobaini na saba anapitisha uzi uliopakwa nta kwenye ngozi nene kama kidole. Anavuta, anakaza, anavuta tena.

Hapa wanamwita Fundi Mkanda. Hushona mikanda ya kunyanyulia vyuma, ile mipana ya kufunga tumboni. Kwa mwezi hushona minne, mwezi mzuri mitano. Viatu na mabegi ndivyo vinavyolisha nyumba. Angeshona mingi zaidi kama asingekuwa na tabia ya kufukuza wateja.

Asubuhi hii ameshamfukuza mmoja. Mpakiaji wa magunia, kifua kama kabati, aliingia akitaka mkanda mgumu kuliko yote. Fundi akamuuliza kama mgongo unamuuma. Jamaa akajibu kwamba hilo ndilo lililomleta.

"Basi anzia hospitali, ndugu yangu," Fundi alimwambia huku akikunja futi yake ya kupimia. "Mkanda si dawa. Unalipatia tumbo kitu cha kusukumia ukibeba mzigo, basi. Mgongo mbovu hauuponyi, unauziba mdomo tu."

Jamaa alitoka akinung'unika kwamba hajawahi kuona duka linalochagua wateja. Fundi hakucheka.

"Wananiona nina maringo," anasema. "Hawajui nilivyokuwa mwepesi wa kukubali."

Aliyemleta kwenye ukumbi huu ni kaka yake mkubwa. Mchana kaka alipakia mizigo ghalani, jioni alinyanyua vyuma. Mkanda wa kwanza Fundi kuushona maishani ulikuwa wa kaka huyo, wenye matundu sita, na ulimkaa vizuri kwa miaka tisa.

Miaka mitatu iliyopita kaka alikuja kuomba tundu la saba, la kukaza zaidi. Fundi akamtania kama siku hizi shemeji anamnyima chakula. Kaka alitabasamu kidogo, akabaki anachezea bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda. Fundi akachukua nyundo, akagonga mara mbili, kazi ikaisha.

"Haikufika hata dakika," anasema.

Kaka hakuwa amekonda. Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa wiki sita, na alikuwa amegundua kwamba akikaza mkanda mpaka pumzi ikate, maumivu hupungua. Siku ya kumi na mbili baada ya tundu lile, alianguka akiinua kilo mia moja na arobaini kutoka sakafuni. Miguu haikusikia tena. Alilala kitandani miezi kumi na moja, vidonda vya kulala vikaoza, akafariki.

Daktari aliwaeleza ndugu kwamba mgongo ulikuwa umeharibika zamani, na huenda angeanguka hata bila mkanda. Katika maelezo yote hayo, Fundi aliondoka na neno moja tu, "huenda".

Shemeji yake, mjane wa kaka, hakumlaumu hata siku moja. Fundi anasema ndiyo sababu alipunguza kwenda kwao. Angelaumiwa, angalau angekuwa na la kujitetea.

Marehemu aliacha binti mmoja, sasa ana miaka kumi na tisa, mabega ni ya baba yake. Naye ananyanyua vyuma. Kwa miaka miwili amekuwa akimwomba baba yake mdogo amshonee mkanda. Mara ngozi imeisha, mara uzi, mara kazi ni nyingi. Binti akawa anawaambia wenzake kwamba baba mdogo anasubiri kwanza ng'ombe azaliwe.

Mwezi uliopita alichoka kusubiri, akanunua wa mtumba, laini, wa sponji, kwa kipimo cha suruali yake. Fundi anasema kosa hilo hulifanya karibu kila mtu: suruali hukaa chini kwenye nyonga, mkanda hukaa kitovuni, na vipimo hivyo viwili havifanani. Siku binti alipouvaa, Fundi alichungulia mlangoni akamwona akichuchumaa na kilo sitini begani, mkanda umepanda mpaka mbavuni, mgongo umepinda.

Alitoka mbio, akamwambia aweke chini.

"Umenikataa, baba mdogo," binti alimjibu huku akihema. "Ulitaka nifanyeje?"

Fundi alirudi stoo.

Leo, saa nne, binti anaingia stoo akiwa na mama yake. Fundi anaanza na habari za ngozi kuchelewa. Shemeji anavuta kigoda, anaketi, anamwacha amalize.

"Shemeji, huyu vyuma haachi," anasema. "Ukimkataa wewe, atapimwa na mtu asiyemjua. Na lile jambo la kaka yako ulibebe nusu tu. Mimi nilijua anaumwa. Kila jioni nilikuwa nampaka dawa mgongoni. Alisema nisikwambie, nikanyamaza."

Fundi anaweka nyundo mezani. Kisha anajipangusa macho kwa mkono wenye nta na kumwambia binti asimame wima.

Anampima kitovuni, juu ya fulana: sentimita sitini na tisa. Anamwambia ajaze tumbo pumzi, achuchumae, asimame. Kiwiliwili ni kifupi. Upana wa sentimita kumi utamchoma mbavuni, kwa hiyo anachagua saba na nusu, na bizimu ya jino moja, rahisi kufungua haraka. Baada ya kila kipimo anauliza: mgongo unauma?

"Hapana."

"Unauma?"

"Hapana, baba mdogo. Unanihoji kama polisi."

"Hauumi kabisa?"

Binti anamtazama mama yake kwanza. "Mgongo hapana. Goti la kushoto, kidogo. Tangu wiki iliyopita."

Fundi analiandika goti kwenye karatasi ile ile ya vipimo. Mkanda utakuwa tayari baada ya siku nne, anasema, ila hautatoka hapa kabla goti halijaonwa na daktari. Binti anafungua mdomo abishe, mama anamgusa bega, anaufunga.

Mashindano ni baada ya wiki sita. Fundi, ambaye hajakaa kwenye benchi la watazamaji tangu kaka yake aanguke, anasema safari hii atakwenda.

"Ameinua kilo ngapi, hayo atamwambia mama yake," anasema, akichagua kipande cha ngozi. "Mimi naomba kitu kimoja. Siku mwili ukimuuma, aje kwangu kabla hajanyamaza."